Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa (Tanzania)

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 (Sheria Na. 6 ya mwaka 2016) ni sheria ya Tanzania inayompa raia haki ya kuomba na kupewa taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma na za taasisi binafsi za aina fulani. Ilipitishwa na Bunge mjini Dodoma mwezi Septemba 2016 na kutiwa saini na Rais John Magufuli mwezi huohuo. Kanuni zake zilitangazwa mwaka 2017. Sheria hii inatumika Tanzania Bara tu, Zanzibar haimo.

Makala hii inaieleza sheria kwa upande wa mwombaji: nani anaweza kuomba, anaomba nini, kwa njia gani, na afanye nini akinyimwa. Mifano mingi imechukuliwa Mkoa wa Mtwara, kwa sababu huko watu walidai kujua habari za mali ya umma kabla sheria yenyewe haijatungwa, na dai hilo liligharimu maisha.

Chimbuko

Mzizi wa sheria uko katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara hiyo inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na pia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Lakini ibara ya katiba peke yake haimwambii mtendaji wa kata afanye nini mwananchi anapofika mlangoni na swali. Hakuna siku zilizotajwa, hakuna afisa aliyetajwa, wala hakuna pa kukata rufaa. Kazi ya kujaza mapengo hayo ndiyo iliyohitaji sheria.

Ilichukua miaka kumi. Mwaka 2006 serikali ilitoa muswada wa kwanza wa uhuru wa habari, nao ukapingwa na wadau wa vyombo vya habari na haki za binadamu, waliotaka suala la habari za umma litenganishwe na suala la kudhibiti magazeti. Mwaka 2011 Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, ushirikiano wa kimataifa ambao nchi wanachama hutoa ahadi za uwazi na kupimwa kwa ahadi hizo. Kutunga sheria ya taarifa kulikuwa miongoni mwa ahadi za Tanzania. Muswada mwingine uliletwa mwaka 2015 na kuondolewa. Uliopita hatimaye ni ule wa mwaka 2016, uliowasilishwa wakati Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Mwaka uliofuata, 2017, Tanzania ilijitoa katika mpango huohuo wa uwazi. Sheria ilibaki.

Mtwara kabla ya sheria

Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati, mwaka 1982. Kwa muda mrefu ilikaa chini ya ardhi bila kutumika, na wenyeji waliizungumzia kama kitu cha kesho. Mambo yalibadilika serikali ilipoamua kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kwa mkopo wa China. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya watu waliandamana mjini Mtwara wakisema gesi haitoki. Januari 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda mwenyewe kuzungumza na wananchi. Tarehe 22 Mei 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni, vurugu zililipuka upya. Watu walikufa, nyumba na ofisi zilichomwa, na jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa, na pamoja na mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Si sahihi kusema kwamba vurugu hizo zilitokana na ukosefu wa taarifa peke yake. Palikuwa na hasira ya zamani ya kusini kuachwa nyuma, na palikuwa na siasa. Hata hivyo, maswali yaliyoulizwa kwenye mikutano yalikuwa, kwa sehemu kubwa, maswali yenye majibu yanayoandikika kwenye karatasi. Mkataba unasema nini? Halmashauri itapata kiasi gani? Viwanda vilivyoahidiwa vitajengwa wapi, na lini? Mwananchi wa wakati ule hakuwa na ofisi yoyote iliyolazimika kumjibu ndani ya siku fulani. Uvumi ulichukua nafasi ya majibu.

Hata wabunge walikuwa na tatizo hilo. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na Zitto Kabwe, iliagiza polisi wawakamate viongozi wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) kwa kutowasilisha kwa kamati mikataba 26 ya mafuta na gesi. Miezi michache kabla ya hapo, nyongeza ya mkataba wa kampuni ya Statoil ya Norwe ilikuwa imevuja na kujadiliwa nchi nzima. Maana yake ni kwamba mwaka 2014 mtu wa kawaida aliweza kusoma karatasi iliyovujishwa, huku kamati ya Bunge ikitafuta zile ambazo hazijavuja.

Nani anaweza kuomba, na kwa nani

Haki ya kuomba ni ya kila mtu, lakini kifungu cha 5 kinaeleza kwamba "mtu" hapa ni raia wa Tanzania. Mgeni anayeishi nchini, hata kama ameishi Mikindani miaka ishirini, hawezi kuitumia. Kwa hiyo mwombaji anayeambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura huondoa mapema swali ambalo lingeweza kumrudishia barua yake.

Anayeombwa ni yule ambaye sheria inamwita mmiliki wa taarifa, yaani ofisi au taasisi inayoitunza. Wizara, wakala wa serikali, mashirika ya umma na halmashauri zote zimo. Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani imo, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara imo, TPDC imo, mamlaka ya bandari imo. Ofisi ya kijiji ni sehemu ya serikali za mitaa, nayo imo.

Taasisi binafsi zinaingia kwa masharti: ziwe zimesajiliwa kisheria, na ama zinatumia fedha za umma, ama zina taarifa yenye maslahi makubwa kwa umma. Hapa pana mjadala wa kweli kwa watu wa kusini. Chukua chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kinachokusanya korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Chama si ofisi ya serikali, lakini makato yanayotolewa kwenye kila kilo ya korosho yanagusa kipato cha kijiji kizima. Inawezekana kabisa kutoa hoja kwamba mchanganuo wa makato hayo ni taarifa yenye maslahi makubwa kwa umma. Lakini mkulima ambaye ni mwanachama ana njia fupi zaidi: adai hesabu kwenye mkutano mkuu wa chama, kama mwanachama, na aiweke sheria ya taarifa kama fimbo ya pili.

Kila mmiliki wa taarifa anatakiwa kuteua afisa wa taarifa wa kushughulikia maombi. Kama hakuna aliyeteuliwa, mkuu wa taasisi ndiye anayebeba jukumu hilo. Ndiyo maana ni salama kuandika barua kwa mkuu wa taasisi, yaani mkurugenzi mtendaji, meneja au mkuu wa shule, badala ya kuandika kwa mtu mmoja mmoja ambaye anaweza kuhamishwa kesho.

Kabla ya kuandika barua

Taarifa nyingi ambazo watu huziomba zimekwisha kutolewa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huwa wazi kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, na ndani yake halmashauri hutajwa kwa majina. Ripoti za TEITI, chombo cha uwazi katika madini, mafuta na gesi, hulinganisha kiasi ambacho kampuni zinasema zimelipa na kiasi ambacho serikali inasema imepokea. Sheria ya mwaka 2015 iliyoanzisha chombo hicho inataka pia mikataba na leseni za sekta hiyo zichapishwe. Gazeti la Serikali hutangaza kanuni na mipaka.

Kijijini, njia ya kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Shuleni ni ubao wa matangazo. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze mwaka 2016, shule za serikali hupokea ruzuku kwa hesabu ya wanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na mzazi ana kila sababu ya kutarajia kuona kilichopokelewa kimebandikwa. Mwanafunzi anayejua kuzidisha anaweza kuanza uchunguzi wake hapo, bila barua yoyote.

Jinsi ya kuomba

Ombi hufanywa kwa maandishi. Kifungu cha 10 kinataka jina la mwombaji, anwani yake, na maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kujua ni taarifa gani inayotakiwa. Kifungu hicho hakidai mwombaji aeleze sababu. Kanuni za mwaka 2017 zimeweka fomu, nayo ni vizuri kuiulizia masijala. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu, anaruhusiwa kuomba kwa mdomo. Hapo ni wajibu wa afisa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Kipengele hiki hakitumiki inavyostahili, ingawa vijiji vya pwani vina wazee wengi wanaojua historia ya kila shamba na hawajui kuandika barua.

Ugumu mkubwa uko katika maneno "maelezo ya kutosha". Barua inayosema "naomba taarifa zote za gesi" itarudi, au haitajibiwa, na afisa atakuwa na udhuru. Barua inayotaja hati, mwaka na ofisi ni vigumu kuikwepa. Tuchukue mfano wa kubuni wa mkazi wa Msimbati anayetaka kujua ushuru wa huduma ambao kampuni za gesi hulipa kwa halmashauri. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara.

YAH: OMBI LA TAARIFA CHINI YA SHERIA YA HAKI YA KUPATA TAARIFA YA MWAKA 2016

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa Msimbati. Naomba nakala ya taarifa inayoonesha kiasi cha ushuru wa huduma ambacho halmashauri ilipokea kutoka kwa kampuni za gesi katika kila robo ya mwaka wa fedha 2022/2023. Naomba pia nakala ya muhtasari wa kikao cha baraza la madiwani kilichopitisha matumizi ya fedha hizo. Nakala za karatasi zinanitosha, na niko tayari kulipia gharama ya kurudufu. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu.

Barua hiyo inaomba vitu viwili tu, na vyote ni hati zinazopaswa kuwepo. Haiulizi kwa nini barabara ni mbovu wala nani amekula fedha. Sheria inampa mtu haki ya kupata taarifa iliyopo. Haimlazimishi afisa kuandika maelezo mapya au kujitetea. Swali la "kwa nini" ni la diwani na la mkutano wa hadhara, na litaulizwa vizuri zaidi mwulizaji akiwa na karatasi mkononi.

Kisha kuna jambo linaloonekana dogo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ni nusu ya sheria yote: muhuri. Mwombaji apeleke nakala mbili masijala, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo nyumbani. Siku zote zinazotajwa na sheria zinahesabiwa kuanzia kupokelewa kwa ombi. Bila tarehe iliyogongwa hakuna siku ya kuanza kuhesabu, na bila siku ya kuanza hakuna kuchelewa. Ombi lililotolewa kwa simu, au barua iliyoachwa kwa mlinzi getini, ni kama halikutolewa. Anayetuma kwa posta atumie rejesta na atunze stakabadhi.

Siku thelathini

Afisa akishapokea ombi, anatakiwa kujibu kwa maandishi mapema iwezekanavyo, na isizidi siku thelathini. Jibu linapaswa kusema kama taarifa ipo, na kama ipo, iwapo mwombaji atapewa. Ofisi inaweza kudai ada kwa ajili ya gharama za kuandaa taarifa. Mtu anayeomba kurasa tatu hatasumbuka, lakini anayeomba majalada ya miaka kumi ajiandae, au aombe kwanza ruhusa ya kuyasoma palepale ofisini na kuchagua kurasa anazozihitaji.

Siku thelathini ni nyingi kwa mwandishi wa habari. Kwa mkulima anayetaka kujua makato kabla mnada wa korosho haujafungwa, ni msimu mzima. Anayehitaji taarifa kwa ajili ya kikao fulani ahesabu kurudi nyuma na kuandika mapema.

Aliyepewa taarifa naye ana wajibu: haruhusiwi kuipotosha. Mwalimu anayebandika takwimu ubaoni, au kijana anayezisambaza kwenye simu, abandike hati yenyewe kama ilivyo na aweke maoni yake pembeni. Ni kinga nzuri zaidi kuliko kuandika upya tarakimu kwa mkono.

Taarifa zinazoweza kuzuiwa

Kifungu cha 6 kinaorodhesha taarifa ambazo ofisi inaweza kuzizuia. Usalama wa taifa unatangulia, na kufuatwa na mambo kama uchunguzi wa vyombo vya dola unaoendelea, usalama wa maisha ya mtu, faragha, maslahi halali ya kibiashara, uwezo wa serikali kusimamia uchumi, na mambo ambayo bado yanajadiliwa na hayajafikiwa uamuzi wa mwisho. Orodha ni pana. Kwa mwombaji wa Mtwara, vipengele vitatu ndivyo atakavyokutana navyo mara nyingi.

Faragha hujitokeza kwenye fidia. Mtu ambaye shamba lake lilipitiwa na bomba ana kila sababu ya kuomba tathmini ya mali yake mwenyewe: minazi mingapi ilihesabiwa, mikorosho mingapi, kwa bei gani. Akiomba jedwali zima la fidia la kijiji, lenye majina na malipo ya kila mtu, ofisi itasema hizo ni habari za watu wengine, na haitakuwa imekosea kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, maafisa wamekuwa na sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Njia ya busara ni kuomba jumla: watu wangapi walilipwa, kiasi gani kwa kijiji, na viwango vya bei vilivyotumika, bila majina. Viwango vya bei si siri ya mtu yeyote.

Maslahi ya kibiashara hujitokeza kwenye mikataba. Hapa mwombaji asisahau sheria ya TEITI iliyotajwa juu, ambayo inataka mikataba ya sekta hiyo itangazwe. Akiitaja kwenye barua yake anaidhoofisha hoja ya siri ya biashara. Anaweza pia kuomba taarifa za malipo badala ya mkataba wenyewe. Mara nyingi malipo ndiyo yanayomhusu mwanakijiji.

Kipengele cha mambo yasiyoamuliwa ndicho chepesi kutumiwa vibaya. Mvuvi anayetaka kujua mapendekezo ya kubadilisha kanda za uvuvi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, anaweza kuambiwa kwamba mpango bado unajadiliwa. Lakini mpango unaotumika sasa, ramani ya kanda zake na ada zinazotozwa ni mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Aombe hayo kwanza.

Sheria inabana pande zote mbili. Afisa anayefuta, kuharibu au kuficha taarifa kwa nia ya kuzuia isitolewe anatenda kosa. Lakini anayetoa taarifa iliyozuiwa anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi mitano. Karani wa masijala akilinganisha hatari hizo, ataona kunyamaza ndiko salama kwake, na tabia hiyo ilikuwepo tangu zamani, chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na mihuri yake ya SIRI. Mwombaji mwenye busara haelekezi hasira kwa karani. Anaandika kwa bosi wake.

Ukinyimwa

Aliyenyimwa, au asiyeridhika na jibu, ana siku thelathini tangu kuarifiwa za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Mkuu naye ana siku thelathini za kuamua. Asiyeridhika tena anaweza kukata rufaa kwa waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria, ndani ya siku thelathini nyingine, na sheria inasema uamuzi wa waziri ni wa mwisho.

Ukijumlisha siku zote, mtu aliyeandika barua mwezi Januari anaweza kufika mezani kwa waziri mwezi Mei. Hatua zote hizo zinafanyika kwa karatasi, kwa hiyo mwombaji wa Nanyamba hahitaji kusafiri hadi Dodoma. Anachohitaji ni jalada lenye nakala ya kila barua na kila muhuri. Ofisi ikikaa kimya na siku thelathini zikapita, ni vizuri kuandika barua fupi ya mapitio kwa mkuu wa taasisi, ikitaja tarehe ya ombi la kwanza na kuambatisha nakala yenye muhuri.

Kasoro kubwa ya sheria iko hapa. Waziri ni sehemu ya serikali ileile inayoombwa taarifa. Hakuna tume huru wala kamishna wa taarifa mwenye mamlaka ya kuamuru ofisi itoe hati. Kinachobaki ni Mahakama Kuu, ambayo kwa utaratibu wa kawaida wa mapitio ya kimahakama inaweza kuombwa kuangalia kama kiongozi wa umma alifuata sheria alipoamua. Njia hiyo ipo, lakini inahitaji wakili, muda na fedha. Taasisi kama MISA Tanzania zimetumia njia nyingine: zimekuwa zikipeleka maombi ya maandishi kwenye ofisi za umma, kisha kutangaza zipi zilijibu na zipi zilinyamaza, na kuzitunza kwa mfano wa ufunguo au kufuli la dhahabu. Aibu ya kufuli wakati mwingine hufanya kazi ambayo rufaa haikuifanya.

Nchi jirani

Sheria za aina hii zina historia ndefu nje ya Afrika. Sweden ilikuwa ya kwanza, mwaka 1766. Marekani ilitunga yake mwaka 1966. Katika Afrika Mashariki, Uganda ilitangulia mwaka 2005, Rwanda ikafuata mwaka 2013, na Kenya ilipitisha yake mwaka 2016, karibu wakati mmoja na Tanzania.

Kuilinganisha Tanzania na Kenya kunafundisha zaidi. Ofisi ya umma ya Kenya ina siku 21 za kujibu, na kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ikinyamaza hadi muda upite, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa, na mwombaji anaweza kusonga mbele bila kusubiri barua. Malalamiko hayaendi kwa waziri bali kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.

Uganda ilionesha jinsi sheria nzuri inavyoweza kukwama mahakamani. Waandishi wawili wa habari waliomba mikataba ya mafuta ya nchi hiyo. Mwaka 2010 mahakama ya Nakawa, Kampala, iliwakatalia, ikiona hawakuthibitisha kwamba faida ya umma ingezidi madhara ya kutoa siri hizo. Kenya ilikwenda upande mwingine. Wanaharakati wawili waliomba mikataba ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, wakanyimwa kwa hoja kwamba mikataba ina vifungu vya usiri, na wakafungua shauri. Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamuru mikataba hiyo itolewe. Haikutolewa mara moja. Novemba mwaka huohuo, baada ya serikali kubadilika, waziri mpya wa uchukuzi Kipchumba Murkomen aliweka hadharani mikataba ya mikopo ya reli, na Wakenya wakasoma kwa macho yao riba na masharti waliyokuwa wakiyabishania kwa miaka minane.